Mapenzi ya siri ya wahusika wetu katika tamthilia ya chuo: mwigizaji aonyeshe nini, afiche nini?

BintiJukwaa aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mwigizaji mchanga, na kwa sasa ninashiriki katika tamthilia ya televisheni inayohusu maisha ya wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja kwa kuwa haijaanza kuonyeshwa, lakini habari za mhusika wangu nimeruhusiwa kuzisema. Yeye anagombea urais wa serikali ya wanafunzi, ni binti mwenye ulimi mkali, na kila jioni husimama nje ya kantini kuwasema watoto wa vigogo ambao hawajawahi kulala na njaa wakingoja bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, liingie. Usiku, hata hivyo, huonana kwa siri na meneja wa kampeni wa mpinzani wake, ambaye ni mtoto wa kigogo hasa. Hakuna anayejua, hata rafiki anayeishi naye chumba kimoja hosteli.

Mwongozaji alitupa kazi ya kutazama msimu wa kwanza wa Dear White People ya Justin Simien, ulioanza kuonyeshwa Netflix mwezi Aprili 2017, akatuambia tuirudie sehemu ya kwanza mara kadhaa. Mhusika mkuu, Samantha White, ambaye wenzake humwita Sam, anaendesha kipindi cha redio katika chuo cha kubuni cha Winchester nchini Marekani, na katika kipindi hicho huwasema wanafunzi weupe bila kuwaonea haya, ilhali mpenzi wake, Gabe, ni mzungu na marafiki zake hawana habari. Baada ya kutazama, mimi na mwigizaji mwenzangu tumegawanyika. Yeye anaamini kwamba mhusika wangu anaficha kwa sababu anamwonea mpenzi wake aibu. Mimi ninaamini kwamba anaficha ili kuyalinda mapenzi yenyewe. Mwongozaji hutusikiliza, hucheka, kisha husema, "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika," na hapo mazungumzo hukatika bila sisi kujua tufanye nini mbele ya kamera.

Naomba mnisaidie. Mwigizaji anafanyaje ili mtazamaji aione siri, lakini mtu aliyeketi naye meza moja asiione? Kila ninapojitazama kwenye monita baada ya kupiga sini, ninaona nimeibia macho kama mwizi wa kuku.

MwalimuWaJukwaa alijibu:

Binti yangu, nimefundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi, na swali lako ni zuri kuliko linavyoonekana. Nianze na methali ya mwongozaji wenu, ambayo nadhani ameitumia nusu. Mtu aliyebanwa na kikohozi msibani, wakati dua inasomwa, hakohoi mara moja. Kwanza hubana pumzi, macho yakamtoka machozi, akatazama mkeka, akajifanya anajikuna shingo, na walio karibu naye wasiojua hudhani ni uchungu wa marehemu. Huyo ndiye wa kumwigiza. Kikohozi chenyewe hakina haja ya mwigizaji, kwa maana kila mtu anaweza kukohoa, lakini kumwona mtu akikizuia ndiko kunakomfanya mtazamaji naye abane pumzi.

Pili, neno "siri" halina uzito wowote hadi useme unamficha nani. Konstantin Stanislavski, ambaye mafunzo yake ndiyo yaliyotulea wengi wetu darasani, alitufundisha kumuuliza mhusika katika kila tendo anataka nini, na hakuna awezaye kutenda jambo pana kama "kuficha mapenzi". Unaweza, hata hivyo, kumzuia rafiki yako asiichukue simu yako iliyoachwa kitandani, kumaliza chai upesi ili uondoke kabla fulani hajafika, au kucheka mzaha unaomhusu mpenzi wako kwa sauti ya kutosha ili usishukiwe na kwa sauti ndogo ya kutosha ili usijichukie. Hayo yote yanatendeka.

Sasa mtazame Sam kwa jicho hilo. Anamficha Joelle, rafiki yake wa karibu, na huko anachohofia ni kuonekana kwamba hakumwamini. Anamficha Reggie, ambaye anampenda, na hapo siri ina ladha ya huruma na pengine ya woga, kwa kuwa Reggie ndiye mwanamume ambaye kundi zima lingemchagulia. Anawaficha wasikilizaji wake, na kwao hofu ni ya kuitwa mnafiki. Kuna mwingine ambaye watazamaji wengi hupita bila kumwona: baba yake Sam ni mzungu, kwa hiyo anapowanyima wenzake habari za Gabe anawanyima pia habari za nusu ya nyumba alimozaliwa. Ukiniuliza kama ni aibu au ulinzi, nitakuambia kwamba kwa Joelle ni hili, kwa Reggie ni lile, na mwigizaji anayechagua neno moja kwa sini zote atakuwa na uso mmoja kwa sini zote. Chukua muswada wako, andika kando ya kila sini jina la mtu unayemficha na jambo utakalolipoteza akijua. Mpenzi wako usimwandike kabisa. Yeye hayumo katika hesabu hiyo, maana ndiye mtu pekee usiyemficha.

Kwa hiyo tatizo la macho ya mwizi wa kuku linatokana na kumtazama mtu asiyehusika. Unapoingia kantini umejaa habari za huyo kijana, ilhali mhusika wako angekuwa amejaa habari za wale wanaoweza kumgundua. Mtazame rafiki yako kama anakutazama. Hilo litatosha.

MkasiNaPicha alijibu:

Mimi ni mhariri wa picha jongevu, na ninakubaliana na mwalimu kwa sehemu kubwa, ila kuna jambo moja ambalo waigizaji huwa hawapendi kuambiwa: nusu ya siri hiyo haitoki usoni mwako, inatoka katika mpangilio wa picha. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Lev Kuleshov wa Urusi alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti katika jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Uso ulikuwa ule ule, lakini waliotazama waliona njaa, huzuni na tamaa. Wewe dada ukinipa uso uliotulia, nami nikaufuatisha na picha ya kijana akiingia mlangoni, watazamaji watakuapia kwamba wameona moyo wako ukiruka. Ukinipa uso ambao tayari unaruka, sina pa kuuweka.

Jambo la pili ni la kazi tu. Tamthilia hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mnaweza kupiga sini ya kuachana asubuhi na sini ya kukutana mara ya kwanza mchana, kwa sababu lokesheni ni moja na imelipiwa siku moja. Siri ina hatua zake, na mtu aliyeficha kwa siku tatu hafichi kama aliyeficha kwa miezi mitatu. Wa siku tatu ana furaha na uzembe. Wa miezi mitatu amekuwa stadi, anadanganya bila kupepesa, na ustadi huo ndio unaomtia simanzi. Msipouweka mwendelezo huo kwenye daftari, mimi mezani sitaweza kuwaokoa, kwa kuwa nguo na nywele zina mtu wa kuzikumbuka, lakini hali ya moyo haina.

Mtoto wa Kigogo alijibu:

Nimeuona uzi huu kwa bahati, na nikatabasamu, kwa sababu mimi ndiye "mwigizaji mwenzangu" anayetajwa hapo juu. Dada, ungeniambia umetufikisha hadharani.

Mwalimu, kwa heshima zote, ninaomba nitofautiane nawe pale unaposema kwamba mpenzi hayumo katika hesabu. Kwa yule anayeficha pengine hayumo, lakini mimi ninaigiza anayefichwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Katika sehemu ile ya kwanza, siri ya Sam haivunjwi na adui wala na mpelelezi. Inavunjwa na Gabe mwenyewe, kwa kuweka picha mtandaoni. John Patrick Amedori hamwigizi kama mtu mbaya, na ndiyo maana nimeirudia sini hiyo mara nyingi: unaweza kuamini kwamba hakukusudia, na unaweza vilevile kuamini kwamba sehemu fulani ya nafsi yake ilikuwa imechoka kuwa mtu wa usiku tu. Mtu anayependwa gizani ana swali ambalo haliishi, nalo ni kama anapendwa kweli. Ndiyo maana nilisema mhusika wa mwenzangu ana aibu. Pengine hana, lakini mhusika wangu analazimika kushuku kwamba anayo, la sivyo sina cha kuigiza zaidi ya kubisha hodi na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Msimu huo unaipa sehemu ya saba kwa Gabe, na pale tunajifunza kwamba yeye ndiye aliyewaita polisi wa chuo kwenye sherehe, kisha Reggie akaelekezewa bastola. Sehemu ya tano yenye tukio hilo iliongozwa na Barry Jenkins, na sidhani kama nimewahi kukaa kimya hivyo mbele ya televisheni. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi siri moja inavyozaa nyingine: mapenzi yameshajulikana, watu wamenung'unika na kuzoea, halafu mtu yule yule aliyedai uwazi anajikuta naye ana jambo la kumficha Sam. Nimemwomba mwandishi wetu ampe mhusika wangu kitu kama hicho. Hajanijibu.

Mkazi wa Kisauni alijibu:

Mimi si mwigizaji, ni mtazamaji tu kutoka Mombasa, na nina ombi moja. Jamani, msimfanye rafiki wa chumbani agundue siri kwa kukuta simu imeachwa juu ya meza ikiwaka ujumbe. Nimeiona mara nyingi mno hata nikiona simu mezani huwa nazima televisheni nikaenda kuchemsha chai. Kwetu pwani wanawake wamewahi kusemana kwa maandishi ya kanga bila hata mtu kufungua kinywa, na mwenye kuambiwa anajua kaambiwa. Msichana wa bara anayeishi hosteli na mwenzake wa Tanga au Unguja angeweza kugundulika kwa kanga ambayo si yake, na hakuna ambaye angelazimika kulia wala kupiga kelele. Siri ya mtungi muulize kata. Anayelala chumba kimoja nawe ndiye kata.

MwalimuWaJukwaa alijibu:

Ninamshukuru kijana kwa kunisahihisha, na ninakubali kwamba niliangalia upande mmoja. Niongeze tu kwamba, ukitaka kuona wapenzi wawili wakidaiana yale ambayo siri iliwazuia kudaiana, tazameni sehemu ya nane ya msimu wa pili, ambayo karibu yote ni Sam na Gabe katika studio ya redio, wakihojiana kwa ajili ya filamu ya Gabe. Logan Browning alichukua nafasi ya Sam kutoka kwa Tessa Thompson, aliyeiigiza katika filamu ya 2014 yenye jina hilo hilo, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoifanya yake mwenyewe kabisa. Angalieni mikono yake wakati anaposikiliza. Mdomo unabishana na Gabe, mikono inamkumbuka.

Na wewe wa Mombasa, wazo la kanga ningelinunua.

BintiJukwaa alijibu:

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Kwako mwenzangu, samahani, lakini ungeniambia pia kwamba wewe huwa unasoma humu.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa na mwalimu, nikaandika majina kando ya muswada, na kilichonishangaza ni kwamba jina lililojirudia zaidi si la mpinzani wangu wala la wapiga kura. Ni la rafiki wa chumbani. Nilikuwa nimelijenga pambano lote kuelekea jukwaa la kampeni, kumbe mhusika wangu hutoa jasho zaidi akiwa anakunja nguo kitandani. Jana tulipiga sini ya kantini. Nilimtazama rafiki yangu tu tangu mwanzo hadi mwisho, nikamcheka mpinzani pamoja na wenzangu, na kijana alipopita nyuma yangu na sahani yake ya wali maharage sikugeuka. Mwongozaji alirudia mara mbili tu, wakati juzi tulirudia mara tisa.

Habari za kanga nimemfikishia mwandishi. Yeye ni mtu wa Mwanza, na ameniuliza kwa ukali ni nani aliyempa mtazamaji wa Mombasa ruhusa ya kuingilia hadithi yake. Leo asubuhi, hata hivyo, mtu wa mavazi ameniuliza kama mama yangu ana kanga kuukuu anayoweza kutuazima.