Naomba ushauri: nina leseni ya gari, je, inanitosha kuendesha skuta hapa Kigoma?

MwalimuWaGungu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Gungu na nafundisha upande wa Ujiji, na kila mwezi nauli ya bodaboda inanimalizia fedha ambazo ningezifanyia jambo la maana. Nimeamua kumiliki skuta, kwa kuwa haina gia za kukanyaga na mtu aliyevaa gauni anaipanda bila kujitanua kama anayepanda punda. Nina leseni ya daraja D niliyoipata wakati ule marehemu baba alipokuwa na gari. Swali langu ni moja tu: je, leseni hiyo inatosha, au askari wa usalama barabarani watanisimamisha pale Mwanga kila asubuhi? Kofia ngumu nimeshanunua, ya kijani.

FundiKatubuka: Mwalimu, daraja D ni la gari na halikuruhusu kupanda pikipiki ya aina yoyote, hata kama inaitwa skuta na imefungwa kikapu mbele. Kama injini yake haifiki ujazo wa cc 125 unahitaji A1, ikizidi hapo ni A, na vile vidogo visivyozidi 50 vina daraja lake la A3. Utaanza na leseni ya kujifunzia, upite chuo cha udereva, ujaribiwe na askari mkaguzi, kisha daraja liongezwe kwenye leseni uliyonayo. Bima ndogo nayo ni ya lazima kisheria. Ila magurudumu ya skuta hiyo ni inchi ngapi? Yale ya inchi 10 yatakutesa kwenye njia za vumbi, maana shimo ambalo pikipiki ya kawaida inalivuka, gurudumu dogo linaingia lote. Na kadi ya usajili imeandikwa jina la nani?

MzeeWaStesheni: Umenikumbusha Vespa ya mjomba wangu aliyekuwa mtumishi wa reli kule Tabora. Injini zile zilikuwa za kuchanganya oili na petroli, na mjomba hakumwamini mtu yeyote kupima. Alikuwa akichuchumaa kila Jumapili asubuhi na kikopo chake cha bati, akimimina oili tone kwa tone huku ulimi umemtoka nje kidogo, na sisi watoto tumekatazwa kusema neno. Siku aliyosafiri, shangazi akakadiria kwa macho. Moshi uliotoka uliwafanya majirani walete ndoo za maji. Sijui kama hili linakusaidia, mwanangu, lakini uliza kama hiyo yako inachanganyiwa oili.

UstaarabuKwanza: Mimi sipingi maendeleo, ila najiuliza wanafunzi watamchukuliaje mwalimu wao wa kike anayeingia getini juu ya pikipiki, kofia kichwani kama askari wa zimamoto. Hata baiskeli ni usafiri, tena inajenga afya.

Mchikichi: Stanley alifika Ujiji mwaka 1871 kwa miguu na hakuna aliyemwuliza leseni. Mwalimu naye akitembea ataokoa hata fedha ya kofia.

FundiKatubuka: Tucheke, lakini swali la kadi halijajibiwa. Kadi ni ya nani, na namba ya usajili inaanza na herufi gani?

MwalimuWaGungu: Kaka, sikulijibu kwa sababu halikuwa swali langu, lakini sina cha kuficha. Namba inayo, ila ni ya Burundi. Kadi haijafika, muuzaji amesema iko kwa ndugu yake ng'ambo na itakuja ndani ya mwezi. Ni mtu mstaarabu, tunasali naye, na nimeshampa shilingi 800,000 kati ya 1,400,000 tulizokubaliana. Isitoshe, mimi sifanyi biashara wala sitoki nje ya manispaa, naenda shuleni na kurudi. Nimeijaribu mwenyewe kutoka stesheni kupanda Mwanga na haikuwa na tatizo, isipokuwa ilichoka kidogo ikiwa gia ya pili.

WakalaManyovu: Dada yangu, kazi yangu ni ya forodha, kwa hiyo niruhusu nikueleze bila kukuficha. Mgeni anaweza kuingia na chombo chenye namba za kwao kwa kibali cha muda, lakini mkazi wa hapa hawezi kukinunua na kuendelea kukitumia hivyo. Kinatakiwa kutangazwa forodha, kilipiwe kodi, ndipo TRA wakisajili na kukupa namba za MC, bati la njano kwa kuwa ni cha binafsi. Forodha wana makadirio yao ya thamani ya chombo, ambayo si lazima yalingane na bei mliyopatana. Bila usajili, leseni yako ya A1 itakuwa sahihi lakini chombo ulichokalia hakitakuwa halali, na kitalala kituoni. Umbali wa safari hauingii kabisa katika hesabu hiyo.

MwalimuWaGungu: Mbona zipo nyingi tu zinazopita? Na nikidai fedha zangu leo, nitakuwa nimemwita mwizi mtu ambaye mkewe alikaa nami msibani siku tatu.

Darubini: Wakuu, mnapoteza muda wenu. Mwanzoni skuta haina gia, sasa imechoka ikiwa gia ya pili. Ipi ni ya kweli? Mimi naona huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anapima upepo ajue wanunuzi wameerevuka kiasi gani. Hakuna mwalimu, na hiyo kofia ya kijani imewekwa kunogesha.

UstaarabuKwanza: Hata mimi nilishangaa mwalimu atoe 800,000 bila maandishi.

MwalimuWaGungu: Nimesema gia ya pili kwa mazoea ya gari la baba. Ilipofika katikati ya mlima iliunguruma sana lakini haikusogea inavyopaswa. Na maandishi yapo, yamo kwenye daftari.

FundiKatubuka: Darubini, aliyetunga asingejua kueleza hivyo, hiyo ni dalili ya mkanda uliolika, injini inapiga kelele na gurudumu halipati nguvu. Mwalimu, skuta iko kwako au kwake? Kama iko kwako, chukua tochi, inua kiti, tafuta namba ya chesisi, ile inayokitambulisha chombo, iliyopigwa kwenye chuma cha fremu, kisha utusimulie inavyoonekana. Usiiandike hapa.

Darubini: Atarudi kesho na hadithi nyingine.

MwalimuWaGungu: Iko kwangu, nimeilaza jikoni. Nimeitazama, na mdogo wangu amenishikia tochi. Fremu yote imefifia na ina kutu ya kawaida, isipokuwa sehemu ndogo inayotosha vidole vitatu, ambayo imepakwa rangi mpya nyeusi. Nimepitisha kucha juu yake. Chini yake kuna mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na namba ninayoweza kuisoma ni 7 tu, nayo ni nusu.

WakalaManyovu: Usiiwashe tena. Kesho asubuhi nenda polisi na daftari lako kabla hujamlipa hata shilingi, na ukatoe maelezo wewe mwenyewe kabla hawajakuita.

MwalimuWaGungu: Kesho nina kipindi cha kwanza. Nitaomba ruhusa.

Mchikichi: Pole sana, Mwalimu, na nayafuta maneno yangu ya Stanley. Ile kofia ya kijani ni saizi gani?