Naomba ushauri: okidi ya porini sebuleni kwangu

Jamani, niko Bukavu. Juzi kijana alipita mlangoni na beseni la maua, nikanunua okidi. Kufika ndani naona mizizi bado imekumbatia kipande cha gome la mti, kibichi kabisa! Nashuku imebanduliwa Kahuzi-Biega, na ile ni hifadhi ya taifa tangu 1970. Okidi zote zimo pia kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini.

Mume wangu anasema ni ua tu, linapendezesha nyumba. Kweli linapendeza. Ila kila asubuhi nikilinyunyizia maji najiona kama nafuga mali ya wizi. Nikimrudishia kijana, ataliuza kwa mwingine. Nilitunze tu, au niwapelekee walinzi wa hifadhi? Na mliowahi kuotesha: nikilifunga kwenye mwavokado uani, litashika?