Nilikuwa wakala wa mgombea kwenye uchaguzi Mwanza mara mbili, mara ya pili nikanyimwa nakala ya fomu ya matokeo. Nani anijibu?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Jana pale soko la Mwaloni Kirumba mzee mmoja ninayemheshimu kanisema mbele ya wapakiaji wa dagaa: "Ninyi vijana kupiga kura hamtaki, kulalamika ndiyo kazi yenu." Shikamoo nilikuwa nimeshampa, jibu likanikwama kooni. Nimekuja kulitoa hapa.

2015 nilikuwa wakala jimbo la Nyamagana, kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Saa 10 jioni foleni ikafungwa, waliokuwamo wakamaliza, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho yetu. Msimamizi alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alikuwa anainua karatasi moja moja, anaigeuza huku na huku mpaka kila wakala aione, anataja jina, sisi tunachora vijiti kwenye daftari. Kuna kura moja alama ya vema ilivuka kidogo mstari, tuliibishania mpaka wote tukaafikiana ni ya nani. Usiku tukajaza fomu: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Tukasaini, kila mtu akapewa nakala zake.

Mgombea wangu alishindwa. Nilitoka nikawasomea waliokuwa wamekaa juu ya mawe wakisubiri, wakaguna, wakaenda kulala. Asubuhi nikarudi kwenye dagaa zangu. Zile nakala ninazo mpaka leo ndani ya bahasha ya kaki, kila tarakimu 7 aliyoandika yule mama imekatwa kistari katikati. Jina lake silijui, ila nilimwamini.

Kwa hiyo msiniambie watu wa Mwanza hatujui kushindwa. 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela, yote ya hapa mjini, yalikwenda CHADEMA, 2015 CCM ikayarudisha yote mawili. Kila upande ulionja machungu yake na maisha yakaendelea.

Sasa Oktoba 28, 2020. Nimefika saa 12 asubuhi, barua ya utambulisho mkononi, kiapo nimeshaapa. Naambiwa jina langu halipo kwenye orodha. Nimeingizwa saa 4, watu wanapiga kura tangu saa 1! Masanduku yalikuwa matupu au la kabla ya kufungwa, mimi sikuona. Jioni tumehesabu, nimesaini, naomba nakala. "Zimeisha." Zimeishaje na mawakala tuko watatu? Nikaomba basi niipige picha kwa simu, askari akanishika mkono akanitoa nje. Mlangoni hapakubandikwa chochote. Siku 3 nimekwenda kwenye ofisi ya jimbo, siku 3 naambiwa njoo kesho.

Halafu mtu anakwambia nenda mahakamani. Kwa sheria ya wakati ule, kupinga ubunge kulitaka dhamana ya shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Hata ningezipata, swali la kwanza ni: nakala yako iko wapi? Na urais ndiyo kabisa, ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha tu, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki za watu na irekebishwe. Iko vilevile.

Ng'ambo ya ziwa Agosti 2022 Wakenya waliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za vituo vyao, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti, kila mtu anafungua. Nina mteja wangu Kisumu, mtu wake alishindwa na aliumia sana. Lakini fomu ya kituo chake alinitumia kwa simu siku ileile. Mimi Mtanzania nimeiona fomu ya Kisumu, ya kwangu mwenyewe niliyoisaini sijaiona tena!

Na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025? Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi, intaneti ikazimwa, tukatangaziwa Rais Samia kapata asilimia 97.66. Hata wakala ambaye angefanikiwa kupiga picha ya fomu, angeituma wapi?

Mzee wangu wa Mwaloni, mimi sio mvivu. Nilikaa kwenye dawati la watoto kutoka asubuhi hadi usiku bila kula, nalinda kura, na yako ikiwamo, na nikatolewa mikono mitupu. Kituo kikimaliza kuhesabu, bandikeni karatasi mlangoni, wapeni mawakala nakala, wekeni zote mtandaoni. Mashine za kutoa nakala ziko kila kona ya mjini, hili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kama kuna aliyekuwa wakala Nyamagana au Ilemela 2020 akapewa nakala, aweke picha hapa chini. Nataka kuiona kwa macho yangu.