Zorki 4 au Canonet kwa hewa ya Mtwara: ipi haitaniangusha?

Korosho_Ghafi
Wakuu, salaam. Kuna kamera mbili za mkanda zinauzwa hapa Mtwara mjini, zote renjifainda (unatazamia dirisha la pembeni ya lenzi, na kupata fokasi kwa kulaliza picha mbili). Moja ni Zorki 4 yenye lenzi ya Jupiter-8 50 mm f/2, nyingine Canonet QL17 GIII. Muuzaji anachojua ni kwamba "zinalia". Kazi yake itakuwa picha za vichochoroni na majengo ya zamani Mikindani, ufukwe wa Msimbati, na siku nikijaliwa, magofu ya Kilwa Kisiwani. Nataka kamera inayopiga hata betri ikifa. Naikaguaje kabla ya kutoa hela? Na hawa wanaosema renjifainda za kimakanika haziharibiki, wana hoja?

Bisibisi_Ndogo
Mkuu, hoja wanayo, ila nusu. Shata (pazia au majani yanayofungua na kufunga mwanga) inaendeshwa na springi na gia, hakuna saketi ya kuungua, na kwa kuwa hakuna kioo kinachoruka ndani kama kwenye SLR (zile unazotazamia kupitia lenzi yenyewe), kamera inatulia mkononi hata kwenye 1/15 ya sekunde. Lakini grisi ya miaka 50 hukauka, pazia la kitambaa huchakaa, sponji huoza. Kinachoua kamera hizi ni umri na mahali zilipohifadhiwa.

"Inalia" si kipimo. Chukua simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde. Fungua mgongo wa kamera, elekeza lenzi kwenye mwanga, rekodi kwa nyuma huku ukipiga, kisha hesabu fremu zinazoonyesha mwanga. Sekunde 1 inapaswa kutoa kama fremu 240, 1/4 fremu 60, 1/15 fremu 16, 1/30 fremu 8. Ukishapita 1/60 hesabu hiyo haiaminiki tena. Kasi ikipungua kwa moja ya tano, mkanda wa negativu hata hautahisi. Lakini 1/4 ikikupa fremu 120, au shata ikasita katikati halafu ikamalizia, grisi imeganda na fundi anahitajika.

Kwa Zorki, shika hili kabla hujagusa chochote: KOKI KWANZA (kaza shata kwa kitasa cha kuvuta mkanda), ndipo ubadilishe kasi. Ukizungusha kitasa cha kasi shata haijakokiwa, unaweza kuvunja pini ndani. Muuzaji akianza kukizungushazungusha ili kukuonyesha, mzuie.

Halafu pazia. Toa lenzi, toa mgongo (unatoka mzima pamoja na kitako), ingia chumba chenye giza, washa tochi mbele ya kamera na uangalie kwa nyuma. Fanya hivyo mara mbili, shata ikiwa haijakokiwa na ikiwa imekokiwa, kwa sababu mapazia ni mawili na kila hali inakuonyesha moja tu. Vinukta vya mwanga ni matundu, na kila tundu litakuwa doa jeupe kwenye picha.

Mwambao10
Hayo matundu kwa huku kwetu yana chanzo chake, naona kimerukwa. Jua. Lenzi ya renjifainda inaangalia pazia moja kwa moja. Ukiiacha Zorki mezani bila kifuniko ikitazama jua, lenzi ikiwa imefunguliwa f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na fokasi kwenye infiniti (mbali kabisa), ni sawa na mtoto anayechoma karatasi kwa kioo cha kukuza. Ama uvalishe kifuniko, ama ufunge hadi f/16 na kuivaa ikitazama chini. Tatizo la kifuniko ni kwamba dirisha la kutazamia halipiti kwenye lenzi, kwa hiyo unaweza kumaliza mkanda mzima kifuniko kikiwa juu na usijue.

Canonet haina ugonjwa huo, shata yake ni ya majani ya chuma ndani ya lenzi. Kwa Msimbati saa saba mchana, mimi kura yangu Canonet.

Bisibisi_Ndogo
@Mwambao10 nakubali kuhusu jua, ila majani nayo yana lake: mafuta. Grisi ya lenzi ikiyeyuka kwa joto inatambaa hadi kwenye majani, yanagandana. Unabonyeza, inasikika "tik", na hakuna kilichofunguka. Kwa hiyo mkuu, Canonet iangalie kwa MACHO, usiisikilize tu. Weka f/1.7, piga 1/4 mara kumi ukitazama ndani. Kisha peleka pete ya tundu hadi f/16 na urudishe, uone kama vijani vinafuata. Mtu akikwambia puliza WD-40, kimbia. Dawa yake ni naftha, yale mafuta ya viberiti vya utambi, tone kwa tone baada ya kutoa kioo cha mbele, na si kumwaga.

Sponji za mlango karibu kila Canonet zimegeuka lami. Zikwangue kwa kijiti cha meno chenye spiriti, kamera ikiwa imeinamishwa ili uchafu usidondokee shata. Kwenye mfereji wa mlango laza uzi mweusi wa kufumia sweta, upande wa bawaba weka kipande cha felti nyeusi.

Betri: shata haihitaji. Inahitajika kwa kipima mwanga na hali ya A (kamera inajichagulia tundu) tu. Ukiiacha kwenye A bila betri, kitufe kinajifunga na utadhani kamera imekufa. Ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipimo kinadanganyika kwamba mwanga ni mwingi, na negativu zinatoka nyepesi. Betri ya vifaa vya kusikia namba 675, volti 1.4, ikiwekewa kipete cha kuishikilia, inakaribia zaidi.

Korosho_Ghafi
Asanteni sana wakuu. Bila kipima mwanga nafanyaje? Nina mikanda miwili ya HP5, ile nyeusi na nyeupe.

Mwambao10
Jua kali, f/16, kasi iwe karibu na ISO ya mkanda (namba ya wepesi wake kunasa mwanga). HP5 ni 400, kwa hiyo 1/500 kwa f/16. Hapo Canonet imefika mwisho wake, haina 1/1000 wala f/22. Mchanga mweupe wa Msimbati unataka mwanga upunguzwe stopu moja zaidi (yaani nusu), ila HP5 inavumilia kuzidishiwa stopu moja. Ukipata mkanda wa 100 au 200 kwa mchana ni raha zaidi. Kivulini chini ya mwembe anzia f/4 au f/5.6 kwa kasi ileile.

Usiihifadhi kamera ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, na masika ya huku fangasi wanaingia kwenye lenzi. Iweke kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu). Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni. Ukimulika lenzi kwa tochi ukaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, shusha bei au iache.

Fokasi_Mbili
Hamjagusa renjifainda yenyewe! Nenda Shangani, lenga meli iliyotia nanga mbali, lenzi kwenye infiniti. Kile kiraka cha katikati ya dirisha la kutazamia lazima picha zake mbili zilaliane. Zikipishana kulia au kushoto, fokasi inadanganya. Zikipishana juu na chini ni kero ya macho tu, picha inatoka kali. Kisha pima mita 1 kwa futi kamba, kuanzia ulipo mkanda ndani ya kamera, si kwenye ncha ya lenzi. Lenga chupa, lalianisha picha mbili, soma namba kwenye pete. Infiniti ikiwa sawa lakini mita 1 inasoma 1.2, usinunue bila kumwonyesha fundi. Na kama kiraka hakionekani kabisa, kioo chake cha ndani kimefifia. Hicho hakisafishiki, ukikisugua unamalizia rangi iliyobaki.