Dishi ya setilaiti mmeleta, simu ya kogo, yaani nyanya yangu, bado haishiki. Hii kazi ni ya nani?

Wadau mko aje. Admin kama uzi uko mahali si pake hamisha tu, usifute, leo nimejaa.

Mimi ni mtu wa Mlima Elgon, upande wa Cheptais huko juu karibu na msitu. Kijiji sitataja kwa sababu wanaohusika wananijua na boma langu wanalijua. Saa hii niko Chwele nimeleta viazi ndio nimepata netiweki, kwa hivyo mtanisamehe nikiruka ruka, gari ikijaa naondoka.

Kwetu netiweki ni hadithi. Busta, yaani mnara wa simu, ya karibu iko nyuma ya kilima, na kilima hakihami. Ukiwa nyumbani simu inaandika huduma za dharura pekee na ukipiga hiyo dharura yenyewe haiendi. Ukipanda juu kidogo inashika Uganda, unakaribishwa Uganda na wewe umesimama kwa shamba lako hapa Kenya, na kama ulisahau kuzima data inalamba kredo yote hujafungua hata picha moja. Pa kuaminika ni mahali pamoja tu, mti wa kalatusi kando ya duka. Mwenye duka alipigilia mkebe wa Kimbo kwa shina, kimo cha kifua hivi, unaweka simu ndani, unaweka spika, unarudi nyuma kidogo usiizibe, halafu unapaaza sauti. Ukiitoa kwa mkebe imekufa. Kwa hivyo pale kijiji kizima kinajua nani anadaiwa karo, nani ameachwa Nairobi, nani amekataa kutuma pesa ya mazishi. Mimi mwenyewe nilibembelezea mkopo pale wazee wakinisikiliza, mmoja akaniambia punguza kidogo hawatakupea hiyo yote.

Sasa ndio mheshimiwa mmoja akatuletea dishi ya setilaiti. Tenti, viti vya plastiki, akina mama wakaimbishwa jua kali, hotuba mpaka watoto wakalala. Tukaambiwa kuanzia leo mmeungana na dunia. Dishi ikafungwa juu ya mabati ya ofisi, ruta ikawekwa ndani, picha zikapigwa zikapanda Facebook hapo hapo, na siku hiyo kusema ukweli ilikuwa inakimbia mbaya.

Msinielewe vibaya, mimi sina shida na dishi. Ile ya zamani setilaiti yake ilikuwa inakaa juu km 35,786, unaongea unangoja sauti iende irudi mpaka unasahau ulisema nini. Hizi mpya kama Starlink, iliyofika Kenya Julai 2023, zinapita chini, kama km 550, ndio maana hata video inashika bila kukwama. Na dishi haijali kilima, inataka kuona mbingu tu. Kwa mahali kama kwetu hiyo ni dawa. Shida ni kwamba walileta nusu ya dawa wakapiga picha wakaenda.

Hebu niulize, kijijini ni wangapi wako na smatifoni? Vijana, mwalimu, labda mtu wa bodaboda. Wengine wote ni kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Kabambe haijui waifai. Unaweza kulala chini ya hiyo dishi na kabambe yako na haitalia hata mara moja. Na vitu vyote ambavyo serikali na dunia inataka kutoka kwetu vinapitia laini ya simu, si waifai. Mpesa imekuwa hapa nchini tangu 2007, ya kabambe inapita kwa laini. Kujisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa kabambe ni *147#, hiyo ni laini. Ukienda zahanati unaambiwa ngoja kodi, zile namba za kuthibitisha, iingie kwa simu, sasa itaingia wapi, kwa mkebe? Hata hiyo WhatsApp ya vijana, kuifungua mara ya kwanza kodi inakuja kwa SMS ama kwa kupigiwa, kwa hivyo kijana anatoka kwa waifai anakimbia kwa kalatusi anasoma namba anarudi akihesabu kwa mdomo asisahau, na akifika kodi imeisha muda. Ni kama kuletewa gunia la mahindi na posho mili iko Kitale.

Lakini ile iliniuma zaidi ni ya mbolea. Mnajua ile ya ruzuku, 2,500 gunia la kilo 50, ukisajiliwa unangoja ujumbe kwa simu ndio uende bohari. Kogo wangu, mama mzaa baba, amesajiliwa kwa namba yake ya kabambe. Kila asubuhi anakuja kwa mkebe, anaweka simu, anakaa chini anachambua mboga akingoja ilie. Siku ujumbe ulitumwa hakuwa pale, alikuwa amelala na magoti. Alipokuja kuupata mvua ilikuwa imeshaanza, tukaenda bohari tukaambiwa imeisha rudini wiki ijayo, na wiki ijayo mahindi hayangojei mtu. Akanunua ya duka kwa bei ya duka. Na wakati huo wote dishi iko hapo juu ya mabati, inaonekana kutoka kwa mlango wa kogo. Akaniuliza, mjukuu, si walisema hiyo sahani inaleta simu? Nikakosa la kusema.

Haya, tuache kabambe, twende kwa hao wenye smatifoni. Waifai ilitangazwa ni ya bure. Kamati ikaundwa, sijui nani alichagua, tukaskia tu kuna mwenyekiti. Paswadi ikabadilishwa. Sasa ni shilingi 20 kwa saa, unapewa kikaratasi. Sikatai, bili ya mwezi lazima ilipwe na mtu, lakini risiti iko wapi, daftari iko wapi? Ukiuliza unaambiwa wewe ndio unapinga maendeleo. Na jioni mwenyekiti anachomoa ruta anaifunga kwa jaketi anaenda nayo nyumbani, ati isiibiwe. Ruta. Inalala kwake. Watoto wa fomu foo wakitaka kuangalia kozi za vyuo kwa KUCCPS usiku wakati kazi ya shamba imeisha, wangoje mwenyekiti aamke, anywe chai, akamue ng'ombe.

Hapo sijafika kwa umeme. Sola waliyofunga ilikuwa ya balbu za ofisi. Dishi ya kawaida inakula wati 50 kwenda juu saa zote iko on, na huku kwetu ukungu unaweza kukaa mpaka mchana. Betri inakufa saa nane. Fundi yeyote wa sola pale Kapsokwony angewaambia hivyo kabla hawajapanda ngazi, lakini hakuna mtu aliuliza fundi, waliuliza mpiga picha.

Na si mara ya kwanza sisi watu wa magharibi kuahidiwa vitu vya angani. Julai 2020 tuliambiwa baluni za Loon, karibu 35, zinaelea km 20 juu zikirusha 4G, Kakamega imo, Kisumu imo, Nakuru imo. Januari 2021 wenyewe wakatangaza wanafunga, biashara haitoki. Sawa, hiyo ilikuwa kampuni, pesa yao. Lakini kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, uko kwa sheria tangu 2009, kampuni za mawasiliano zinakatwa asilimia 0.5 ya mapato yao ili sehemu kama kwetu zipate netiweki. Sasa mnaniambia asilimia 0.5 ya pesa yote inayochomwa kwa bando na kupiga simu nchi hii haiwezi kuleta busta moja nyuma ya kilima?

EDIT: naona kuna jamaa ameshauri "nunueni yenu muache kulia". Ndugu, nimekwambia kabambe haishiki waifai. Hata nikinunua kumi. Soma kwanza.

Na yule dada aliyeuliza tunataka nini basi, asante, swali ndio hilo. Setilaiti inaweza kulisha busta. Yaani badala ya kuvuta nyaya mpaka mlimani au kurusha mawimbi kutoka kilima hadi kilima, unasimamisha busta ndogo ya sola pale juu, dishi inabeba zile simu na SMS inapeleka kwa mtandao, na kabambe inashika kama kawaida bila kujua chochote. Hicho si kitu cha kubuni, maeneo ya mbali duniani yamefanyiwa hivyo miaka mingi hata na zile setilaiti za km 35,786. Lakini hiyo inataka kampuni ya simu ikubali, mheshimiwa hawezi kuifunga peke yake kwa mabati na kukata utepe siku moja, na nahisi ndio maana hakuijaribu.

Kwa hivyo kama humu kuna mtu anafanya kazi na mambo ya busta, aniambie: ombi linaandikiwa nani, chifu anasaini au ni kaunti, na wanataka idadi ya watu au ya laini zilizosajiliwa? Kamati inakaa Jumamosi. Nataka barua ya busta iwe tayari mkononi, na nitauliza daftari ya zile 20 bob mbele ya watu wote. Kujibu nitachelewa, nitasoma nikifika kwa mkebe.