MJADALA: Nyuklia Afrika Mashariki, Zanzibar tuingie au tukae pembeni?

Fundi wa Mbweni: Assalaamu alaykum. Kenya wana wakala wao wa nyuklia, Uganda wameitaja Buyende kuwa mahali pa kujenga kinu, Rwanda 2025 waliita mkutano wa nyuklia wa Afrika Kigali, na Bara urani, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia, ipo Mto Mkuju, Namtumbo. Sisi kimya. Sisemi kinu cha nyuklia kijengwe Unguja. Kinu kimoja cha Koeberg, Afrika Kusini, kinapita megawati 900. Waya wetu wa 2013, unaoleta umeme Unguja kutoka Bara chini ya bahari, ni wa megawati 100 tu. Nasema watu. Vinu vikija ukanda huu vitataka wachomeaji vyuma wenye vyeti, wapima mionzi, wakaguzi wa zege. Fundi wa aina hiyo hapatikani kwa mwaka mmoja. Tuanze kusomesha. Mwasemaje?

Mtoto wa Malindi: Yakhe, Uyombo kule Kilifi, Kenya, watu waliandamana 2024 kupinga kinu cha nyuklia mpaka wakapambana na polisi. Bahari ile ndiyo hii yetu. Jua tunalo kutwa, nyuklia ya nini? Na ukweli usemwe: ukiwasomesha vijana, wa Pemba khasa, wakishavuka hawarudi.

Ukhti Wete: La jua nakuachia. Hilo "wa Pemba khasa" ndilo lililonileta. Unguja mmeunganishwa na Bara tangu 1980. Sisi waya wa Tanga tumeupata 2010, miaka 30 yote hiyo ni majenereta ya dizeli. Anayeondoka anafuata kazi. Wewe hapo Malindi huna ndugu Maskati?

Mtoto wa Malindi: Ndugu zangu wa Maskati hawakusomeshwa na serikali, bi dada.

Kaka Jozani: Mnaogopa mionzi, na mbung'o wa Unguja, wale nzi wa kuuma ng'ombe, waliondoshwa na nini? Miaka ya tisini, mwanzoni kama sikosei.

Mzee wa Muyuni: Mwishoni, mwanangu. 1997 ndipo kisiwa kilipotangazwa safi. Madume yalilelewa Tanga, yakapigwa mionzi yawe tasa, yakamwagwa kwa ndege. Jike likipandwa na dume tasa halizai. Sisi wafugaji wa kusini tunajua ng'ombe walivyokuwa wakikonda kwa nagana, maradhi ya mbung'o. Msiizungumze mionzi kama shetani.

Mtoto wa Malindi: Mzee wangu, shikamoo. Ila umeona? Hata nzi tumewafata Tanga.

Fundi wa Mbweni: Marahaba kwa niaba ya mzee, na umenisaidia. Tanga walikuwa na kituo na wataalamu, sisi tukapokea. Leo wagonjwa wetu wa saratani wanavuka kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi. Mtaalamu wa fizikia ya tiba na mpima mionzi wa kinuni wanaanzia somo moja. Tume ya Nguvu za Atomiki ya Tanzania ipo, tuwe na vijana wetu mle.

Ukhti Wete: Vijana wa wapi? Maana orodha ikitoka tutaona Mjini na Mbweni, halafu Pemba "wapo kwenye mpango".

Kaka Jozani: Mkataba. Ukisomeshwa, unafanya kazi miaka mitano nyumbani. Basi.

Ukhti Wete: Afanye kazi wapi kwa hiyo mitano? Nasomesha fizikia Pemba. Katika maabara ya skuli yetu, nguvu za umeme tunazifundisha kwa kuchora ubaoni. Mtoto hajashika amita, kile kipima mkondo wa umeme, unamtaka apime mionzi?

Mzee wa Muyuni: Hapo kasema kweli.

Fundi wa Mbweni: Turudi kwenye hoja jamani. Nimeuliza tuingie katika mpango wa ukanda au tukae.

Mtoto wa Malindi: Tusiingie. 2009 waya uliharibika Unguja, tukakaa gizani miezi mitatu. Tuweke jua letu kwanza, hayo ya Namtumbo na Kigali baadaye.

Ukhti Wete: Gizani miezi mitatu mpaka leo mnaihadithia! Sisi tusihadithie miaka 30? Neno la Wapemba bado hujalifuta.

Mtoto wa Malindi: Silifuti. Nitajie mmoja aliyerudi.

Ukhti Wete: Mimi. Nimesoma Dodoma, niko Wete, Jumatatu saa moja nina kidato cha pili. Njoo na amita.