Dragon Age: ulisimama na wachawi au na Matempla? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari za muda. Waliocheza gemu la Dragon Age tupeane uzoefu, hasa ile ya pili ya 2011, ya mji wa Kirkwall, ambako Matempla ni askari wa kanisa wanaowalinda na kuwafungia wachawi. Mimi nilisimama na wachawi mwanzo mwisho, sababu ni Bethany. Hawke wangu, yaani mhusika mkuu unayemcheza, alikuwa wa panga kwa hiyo mdogo wake ndo mwenye uchawi, nikamwacha na mama nikaenda zangu Deep Roads, mahandaki ya chini ya ardhi, kusaka hela, narudi nakuta Matempla wako ndani kwa mjomba wanamchukua, hajaua mtu wala hajamdhuru mtu, kosa lake kuzaliwa hivyo. Na kule Gallows wachawi wanakofungiwa, zamani palikuwa gereza la watumwa, masanamu ya watumwa wanalia bado yapo uani. Sasa Meredith, mkuu wa Matempla, anatangaza wachawi wauawe wote kwa kosa la Anders, mchawi aliyelipua kanisa, ambaye hata hakuwa wa mnara ule! Hapo nilishamaliza kuchagua.

#2
Mkuu nakuelewa ila mie nilienda na Matempla na sijutii. Mama yake Hawke kauawa na mchawi, Quentin, jamaa alikuwa anakata viungo vya wanawake anavishona apate sura ya marehemu mkewe. Mama anakuja anatembea kwa mwili usio wake, anakuaga... niliweka pedi chini nikatoka nje kabisa. Halafu kwenye makaratasi yake kuna barua imesainiwa O, jiulize O ni nani pale mjini.

#3
Ni Orsino, mkuu wao wachawi. Ukiwa upande wake anakiri mwenyewe mwishoni kabla hajageuka zimwi, iliniuma sana. Ila bado sikuhama, kwa sababu ya Karl, rafiki yake Anders. Walimpiga alama ya jua kwenye paji la uso, hana furaha, hana hasira, anaongea kama anasoma tangazo. Ile roho inayoishi ndani ya Anders ilipowaka, Karl akarudiwa na akili zake dakika chache tu, akaomba auawe kabla haijapotea tena. Mdogo wangu alikuwa pembeni anaangalia akauliza "sasa si amepona, mbona anataka kufa?" Nilikosa jibu. Anders alipolipua lile kanisa na Elthina, mkuu wa kanisa pale mjini, yumo nilimlaani, lakini chuki yake naijua ilikotoka.

#4
Ingieni na Inquisition, gemu la tatu la 2014, jamani. Matempla nao wamefungwa, wanalishwa lyrium, madini ya kichawi, mpaka hawawezi kuishi bila hiyo, Cullen aliyekuwa Templa anavyojitahidi kuacha inatia huruma. Lakini yale mafuvu juu ya nguzo tunayochungulia kutafuta vipande vilivyofichwa, ni ya wale wale waliopigwa alama kama Karl, wameuawa kwa ajili hiyo, na hakuna upande uliokuwa unawatetea. Mimi kwenye kijiji cha Redcliffe niliwapokea wachawi kama washirika huru, mwenzetu wa kikosi Vivienne hakufurahi kabisa na yeye mwenyewe mchawi. Aliyewachukua Matempla wa ngome ya Therinfal atupe na upande wake.